Programu inalia memori imeisha na RAM iko nusu tupu

Simu iliingia asubuhi na dada wa masijala hakunipa hata salamu, na huyu ni mtu ambaye bila habari za nyumbani na za kazi mazungumzo hayaanzi, kwa hiyo nikajua leo ndo leo. "Kaka, imekufa tena, na kurasa zangu zote zimekwenda na maji." Nikamuuliza imeandika nini kabla ya kufa, akanisomea ile sentensi ambayo kila anayeandika programu za kompyuta ya mezani anaijua, memori haitoshi kuendelea. Nikamwambia fungua Task Manager uniambie RAM ikoje. "Ipo nane, imetumika tatu na kitu." Yaani gigabaiti nne na ushee zimekaa bure hazina mwenyewe, na programu yangu inalia njaa.

Hiyo programu niliiandika mi mwenyewe kwa hiyo hapa hamna wa kumsingizia. Ni lugha ya C#, juu ya .NET Framework (mfumo wa Microsoft unaoiendesha), madirisha ya WinForms ya kawaida kabisa, kazi yake kuskani mafaili ya zamani: unaweka karatasi kwenye skana, ukurasa unatokea kwenye skrini, unaukagua, unauzungusha kama umekaa kichwa chini miguu juu, unakata zile pembe nyeusi, unabonyeza sawa unaenda unaofuata, faili likiisha vyote vinashonwa kuwa PDF moja. Ukurasa ukishakaguliwa unaandikwa kwenye diski, kwenye memori inabaki ile picha ndogo ya pembeni tu. Hivyo ndo nilivyopanga. Kilichokuwa kinatokea ni kingine.

Na nilikuwa na ile imani, wengi tunayo tuliolelewa na C# na Java, kwamba memori si kazi yangu. Yupo mzoa taka. Wale wa C ndo wanahangaika kuomba kipande na kukirudisha kwa mkono, sisi tunaomba, tunatumia, tunaondoka zetu, nyuma anakuja mtu na ufagio. Sasa huyo mtu wa ufagio (GC, kwa jina lake la kazini) hafanyi kazi tunavyodhani. Hazoi kitu eti kwa kuwa umemaliza nacho, atajuaje kama umemaliza? Anaanzia kwenye mizizi, yaani vigezo vya thredi (mikondo ya kazi ndani ya programu) zinazokimbia na vile vitu vya static ambavyo vipo maisha yote ya programu, afu anafuata kila uzi, huyu kamshika nani, na huyo naye kamshika nani, mpaka uzi uishe. Alichokifikia ni hai. Asichokifikia ni taka. Hana swali lingine. Kama kuna kitu umekisahau miezi lakini kuna mmoja tu huko pembeni bado amekishika kwa ncha ya kidole, kwake hicho ni hai na atakilinda mpaka uzime programu.

Wazo lenyewe ni la zamani, John McCarthy alilileta na lugha yake ya Lisp mwishoni mwa miaka ya 1950 pale MIT, kwenye mashine ya IBM 704. Kuna kisa alikisimulia mwenyewe ambacho nakipenda sana: wanaonyesha Lisp mbele ya wageni wa viwandani, majibu yanachapwa na mashine inayotoa herufi kumi kwa sekunde, katikati ya onyesho nafasi ikaisha, mashine ikaanza kuchapa taarifa ndefu kwamba mzoa taka ameitwa na hizi hapa takwimu za kuvutia... herufi kumi kwa sekunde. Muda ukaishia hapohapo. Kwa hiyo ukiaibishwa na memori mbele ya mteja ujue umefuata nyayo za wakubwa.

Turudi masijala. Bosi wao aliposikia neno memori akasema basi kompyuta ni dhaifu, tununue RAM, na mi nikanyamaza. Hilo ndo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilinyamaza, maana kichwani nilikuwa najua kuwa hesabu haikubali lakini nikatamani iwe kweli. Wakatoa 8 wakaweka 16. Siku ya pili simu. "Kaka, imekufa." Afu akaongeza kitu ambacho kilinisaidia kuliko vitabu vyote, akasema, "Mi huwa naandika pembeni. Juzi ilikufa ukurasa wa 43, jana 44, leo na RAM mpya 43."

Huyu dada alikuwa anaandika! Kila ikifa anaandika imefika ukurasa wa ngapi, kwa kalamu, kwenye daftari. Mi ndo fundi na sina hata logi, yaani programu ijiandikie yenyewe kilichotokea.

Ukipata namba isiyoyumba hivyo, RAM unaiondoa kwenye mashtaka moja kwa moja. RAM imeongezwa maradufu na imekufa palepale, maana yake dari iko sehemu nyingine. Na dari ilikuwa hii: programu ni ya biti 32. Siyo kwa uvivu, skana yao ilikuwa na draiva (kile kiprogramu cha kuiendesha) ya biti 32 peke yake na programu ya biti 64 haiwezi kuibeba draiva ya namna hiyo ndani yake, hiyo ni sheria ya Windows. Sasa biti 32 zinakupa anwani 4,294,967,296, yaani gigabaiti 4, na Windows kwa kawaida inachukua nusu yake kwa mambo yake, wewe unabaki na 2. Mbili tu. Weka RAM ya 16, weka ya 64, programu inaona mbili. Ni kama daftari la kurasa mia, ukinunua kabati kubwa zaidi la kuliwekea daftari halitaongezeka kurasa.

Na msinicheke kwa kuwa na programu ya biti 32 zama hizi, Visual Studio yenyewe, ambamo wengi wetu tunaandikia hizo kodi, ilibaki biti 32 mpaka toleo la 2022.

Ngoja niwape hesabu ya ukurasa mmoja maana hapa ndo watu hawaamini. A4 ikiskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508. Zidisha, unapata pikseli 8,699,840. Kila pikseli kwenye memori nilikuwa naipa baiti 4, kwa hiyo ukurasa mmoja ni baiti 34,799,360, karibu megabaiti 35. Yule dada akiangalia kwenye folda anaona faili la JPEG la kilobaiti mia kadhaa, anashangaa inawezekanaje kurasa arobaini zijaze kompyuta. Ila JPEG ni nguo iliyokunjwa kwenye begi. Ukitaka kuivaa lazima uikunjue, na ikikunjuliwa haijali begi lilikuwa dogo kiasi gani. Sasa chukua 35 zidisha kurasa 43, ni gigabaiti moja na nusu. Weka na programu yenyewe, maktaba zake, draiva ya skana, umegonga dari.

Lakini si nimesema kurasa zikishakaguliwa zinaachiwa? Ndo hapo.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni cha kijinga nakiri, nikaweka GC.Collect kila baada ya ukurasa. Hii ni amri ya kumwita mzoa taka kwa nguvu, njoo sasa hivi, na kila mtu aliyewahi kuona kosa la memori kwenye C# ameshawahi kuiweka asidanganye. Programu ikawa nzito, kila ukurasa unasubiri, na ikafa ukurasa wa 43. Bila shaka. Kumwita mara nyingi hakubadilishi anachokiona akifika, kama vitu bado vimeshikwa ataviangalia ataondoka. Kitu cha pili kilikuwa na akili kidogo, kuna bendera unaiweka kwenye faili la programu (LARGEADDRESSAWARE) inayoiambia Windows kwamba hii programu inaweza kutumia anwani za juu, na kwenye Windows ya biti 64 programu ya biti 32 yenye bendera hiyo inapewa gigabaiti 4 zote badala ya 2. Nikaweka. Nikashangilia mpaka mchana. Ikafa ukurasa wa 91.

Angalieni hapo. Dari limepanda mara mbili, ukurasa wa kufa nao umepanda mara mbili. Hiyo siyo programu inayohitaji nafasi kubwa, hiyo ni programu ambayo haiachii kitu. Kila ukurasa ulioingia haujatoka.

Basi nikaomba picha ya memori, yaani lile dampu linalochukuliwa programu ikiwa bado hai, faili kubwa la kutisha, nikalifungua kwa WinDbg, chombo cha kuchunguzia programu, na ile nyongeza yake ya .NET inayoitwa SOS. Sura yake inatia uvivu kuangalia lakini amri mbili tu zinatosha. Ya kwanza inakupangia vitu vyote vilivyo hai kwa aina, ngapi na uzito gani. Mkiani kabisa, penye vizito, safu za baiti (ndo pikseli za kurasa hizo), kubwa kubwa, 88. Na madirisha ya kukagulia ukurasa, 88. Nilisimamisha kwenye ukurasa wa 88. Kwenye skrini dirisha la kukagua liko moja tu, mengine 87 nimeyafunga mwenyewe kwa mkono wangu, nimebonyeza ile alama ya X, na yote yapo ndani yanapumua.

Amri ya pili unampa anwani ya kitu kimoja unamuuliza, nani amekushika? Ikanirudishia mnyororo, nikausoma toka chini kwenda juu: safu ya baiti imeshikwa na ukurasa, ukurasa umeshikwa na dirisha la kukagua, dirisha limeshikwa na hendla (kodi inayoitwa tukio likitokea), hendla iko kwenye orodha ya iventi, yaani tangazo la tukio, inayoitwa LughaImebadilika, na iventi hiyo iko kwenye kitu cha static cha mipangilio.

Lugha imebadilika. Niliweka uwezo wa kubadilisha lugha ya vitufe bila kuzima programu, na kila dirisha likifunguka linajiandikisha kwenye hiyo iventi, lugha ikibadilika nishtueni nibadilishe maandishi yangu. Kujiandikisha ni mstari mmoja. Kujiondoa ni mstari mmoja pia, ila huo sikuuandika. Kwa hiyo kitu cha mipangilio, ambacho hakifi mpaka programu izimwe, kilikuwa na orodha ya madirisha 88 kimeyashika vidole, na kila dirisha limekumbatia ukurasa wake wa megabaiti 35, na mzoa taka anapita kila mara anaona yote yameshikwa vizuri anaondoka na ufagio wake. Na tangu programu iwekwe pale masijala hakuna binadamu aliyewahi kubadilisha lugha.

Watu wengi wanaosema wana memori inayovuja kwenye C# au Java ukichimba unakuta ni hii, iventi au keshi. Keshi nayo ni orodha tu ya static ambayo mtu aliiweka ili kuharakisha mambo akasahau kuipa kikomo. Kuvuja lenyewe ni jina baya, hakuna kinachovuja, kimeshikiliwa. Kuna jamaa yangu yeye ni wa Java, programu yake ya Swing (madirisha ya Java) ilimfanyia hayohayo, ila Java ina dari lake la kujiwekea, usipoipa namba kwa -Xmx inajichukulia robo ya RAM ya mashine kuwa ndo mwisho wake, na kabla ya kufa ikampa lile kosa la kwamba mzoa taka anakula muda kupita kiasi. Hilo linakuja pale ambapo asilimia 98 ya muda inaishia kwenye kuzoa na kinachopatikana hakifiki asilimia 2 ya rundo, yaani ile memori anayoisimamia mzoa taka. Yaani mtu anafagia mchana kutwa anapata kijiko cha vumbi. Alichofanya jamaa ni kuongeza -Xmx. Ilichukua siku tatu kufa badala ya moja, akaja kwangu anasema ameirekebisha, nikamwambia nenda kaweke ile swichi ya kutema dampu yenyewe ikifa (HeapDumpOnOutOfMemoryError) afu ulale.

Haya, nikaweka ule mstari wa kujiondoa dirisha linapofungwa. Nikiwa humo nikaona na lingine, zile picha ndogo za pembeni. Zile ni Bitmap, na Bitmap kwenye WinForms ina sura mbili, upande wa C# ni kisanduku kidogo cha baiti chache na pikseli zenyewe ziko nje, kwa Windows, mahali ambapo mzoa taka haoni. Kwa hiyo anaona visanduku mia, vidogovidogo, anasema hapa hamna haraka nitakuja baadaye, na huku nje kuna mlima. Dawa yake ni Dispose, amri ya kuachia, uiite mwenyewe ukimaliza, na hapo ndo ile imani ya kwamba memori si kazi yangu ilipozikwa rasmi.

Nikapeleka. Siku ya kwanza kimya. Siku ya pili kimya. Ya tatu simu ikaja, safari hii na salamu kamili, ndefu, nikajua pamoja na hayo kuna jambo. "Imefika 340, kaka, nilikuwa nakuombea dua. Imekufa." Kesho yake 280. Kesho kutwa 410.

Namba zimeanza kuyumba. Na hilo lilinifurahisha kidogo maana ugonjwa wa kwanza ulikuwa na namba moja isiyobadilika, huu hauna, kwa hiyo ni ugonjwa mwingine. Nikachukua dampu, kurasa hai: mbili. Safi. Mzoa taka anafanya kazi yake. Nikafungua VMMap, kijiprogramu cha bure cha Sysinternals kinachokuchorea anwani zote za programu, kipi kimekaa wapi. Nafasi wazi kwa jumla, megabaiti 900 na kitu. Kipande kikubwa kuliko vyote kilichoshikana, 31.

Nahitaji kipande cha zaidi ya 33 (zile baiti milioni 34.8 ukizihesabu kwa 1024 zinakuwa 33 na kidogo, ndivyo VMMap inavyohesabu). Nina 900 wazi na siwezi kupata 33, kwa sababu safu lazima ikae mfululizo, haikatwi vipande. Ni kama ukumbi una viti mia vitupu, inakuja familia ya watu sita wanataka kukaa pamoja, na kila penye nafasi ni viti vitatu, viwili, vitano, hapa katikati kaweka mtu mkoba. Viti vipo. Pa kukaa hamna.

Sasa nani anakatakata? Kwanza mnatakiwa kujua .NET inagawa vitu kwa ukubwa, kitu cha kuanzia baiti 85,000 kinapelekwa kwenye rundo la vitu vikubwa, na vitu vidogo huwa mzoa taka akimaliza kuzoa anavisogeza vibanane ili mapengo yaishe, lakini vikubwa kwa kawaida havisogezi, kubeba megabaiti 35 kwenda huku na huku ni gharama. Pengo likibaki linabaki. Hata hivyo mapengo yasingekuwa shida kama kila ukurasa ungekuwa na ukubwa uleule, anatoka mmoja anaingia mwingine kwenye kiti chake. Ila je, si nina kile kitufe cha kukata pembe nyeusi? Ukikata, nilikuwa natengeneza safu mpya ya ukubwa mpya. Ukurasa unaingia na 34.8, unakatwa unakuwa 33.6, mwingine 34.1, mwingine kakatwa sana 29. Ule mkubwa ukiachiwa, kwenye nafasi yake anaingia wa 33.6, linabaki pengo la 1.2 ambalo linamezwa na kitu kidogo cha mtu mwingine, thredi mpya tu inajitengea megabaiti nzima ya staki yake (nafasi yake ya kufanyia kazi), kikakaa hapo. Mkoba kwenye kiti. Fanya hivyo mara mia tatu.

Kwa hiyo siyo dada aliyekuwa anaiua ovyo, ni kwamba kila siku pembe nyeusi zilikuwa tofauti.

Toka .NET 4.5.1 ya 2013 kuna namna ya kumwambia mzoa taka safari hii nisogezee na vikubwa, mara moja. Nilijaribu. Inasaidia kiasi, lakini inasimamisha programu wakati inabeba, na haiwezi kusogeza visivyo vyake, zile DLL (maktaba za programu) na mastaki ya thredi na vitu vya draiva ya skana vimekaa vilipokaa. Kilichoponya kweli ni kitu cha kizamani mno, cha watu wa C walewale: programu ikiwaka tu, kabla anwani hazijachafuka, naomba bafa mbili, yaani vipande vya memori vya kudumu, za ukubwa wa mwisho kabisa, na hizo ndo zinatumika maisha yote. Ukurasa mpya unaandikwa juu ya ule wa zamani. Kukata pembe kunafanyika humohumo ndani ya bafa. Hakuna kuomba, hakuna kuachia, hakuna pengo.

Sikuwahi kupigiwa tena kwa sababu hiyo.

Baadaye nilifanya na lile lililotakiwa kufanyika mwanzo, nikaitoa skana nje. Kuna kijiprogramu kidogo cha biti 32 kinaongea na draiva, basi, na programu kubwa ikawa biti 64 wanapasiana kurasa. Lakini niseme kitu, biti 64 siyo dawa ya kile kidudu cha iventi. Ungekuwa na ule mshiko wa madirisha kwenye biti 64 isingekufa ukurasa wa 43, ingeendelea kula, RAM ikiisha Windows inaanza kuhamishia kwenye faili la diski, kompyuta nzima inakuwa ya kuvuta kwa kamba, barua haifunguki, kipanya kinaruka, na wa kulaumiwa hajulikani. Afadhali ile ya biti 32, ilikufa mapema na kwa kelele na ukurasa uleule.

Halafu kuna suala la kufa kwenyewe. Kodi yangu ya kwanza ilikuwa ikikamata kosa la memori inafungua kidirisha cha kuomba radhi. Kidirisha kinahitaji memori! Maandishi, vitufe, fonti. Kuna siku ilikuwa inafia kwenye kuomba radhi. Wenyewe .NET wanalijua hili ndo maana lile kosa la memori kuisha wanalitengeneza mapema programu inapowaka na kuliweka akiba, maana siku ya kulihitaji hakutakuwa na pa kulitengenezea. Mi nikabadilisha utaratibu, kila ukurasa ukikubaliwa orodha ya kurasa inaandikwa diski palepale kabla ya jambo lingine (mwanzo ilikuwa inakaa kichwani mwa programu, ndo maana zilikuwa zinakwenda na maji wakati picha zenyewe zipo), na kabla ya kazi nzito kama kushona PDF nauliza kwanza kwa MemoryFailPoint kama kiasi fulani kitapatikana. Inahesabu kwa mafungu ya megabaiti 16 kwa hiyo haina usahihi wa kijiko, lakini ikisema hapana unakuwa bado hujashika kitu mkononi, unaweza kumwambia mtumiaji kwa utulivu gawanya hili faili mara mbili.

Wiki zikapita. Nilishaanza kusahau, simu ikaingia. "Kaka za kazi, watoto hawajambo? Memori imeisha."

Nikahisi baridi. Biti 64, bafa mbili, iventi zimefungwa, RAM 16. Imeisha vipi? Ukurasa wa ngapi? "Wa kwanza." Hajaskani hata kimoja, anaingiza picha aliyotumiwa na mtu, anaichagua tu kwenye folda, na inasema memori imeisha, hiyohiyo kila mara, nyingine zinaingia bila shida. Nikamwambia nitumie hiyo picha. Nilihangaika nayo karibu saa nzima, ni faili dogo, halifiki hata megabaiti moja, mpaka nikalifungua kwa kihariri cha maandishi cha kawaida ili nione baiti zake za mwanzo. JPEG ya kweli inaanza na FF D8. Hii inaanza na %PDF. Mtu alikuwa na PDF, akaambiwa tuma picha, akabadilisha jina la faili likaishia na .jpg.

Na ile njia ya .NET ya kufungua picha, Image.FromFile, ikikutana na faili isilolielewa haisemi hili si picha. Inasema memori imeisha. Imeandikwa kabisa kwenye maelezo yao, ndivyo ilivyo, hawajakosea, ni uamuzi tu wa mtu fulani enzi hizo na sasa haubadilishiki maana kuna programu zinautegemea. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Nikaweka kodi ya kukagua zile baiti za mwanzo na ujumbe mpya, faili hili si picha, nikampigia.

"Kwa hiyo ya leo haikuwa memori?"

"Haikuwa."

"Na ile ya pembe nyeusi?"

"Memori ilikuwepo, mahali ndo hapakuwepo."

Akanyamaza kidogo. "Na ile RAM aliyonunua bosi?"

Nikamwambia aiache tu humohumo, kivinjari kitaila.